Kimezwacho Hakitoki: Kituo Kilichonisuta

Kosa langu lilikuwa la kituo. Beti zenyewe zilikuwa na vina vyake na mizani yake, na hata leo nikizisoma sioni pa kuonea haya. Lakini kituo kilichofunga kila ubeti kilidai jambo lisilo kweli, na kwa kuwa desturi ya kituo ni kurudiwa, nililisema mara saba.

Ilikuwa mwaka 2019. Tarehe 10 Aprili wataalamu wa falaki walitoa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile lililo katikati ya galaksi iitwayo M87, umbali wa miaka-nuru milioni 55 kutoka hapa tulipo. Picha ile bila shaka mliiona: pete ya rangi ya chungwa, imenenepa upande wa chini, na katikati yake giza. Nilioneshwa na mjukuu wangu kwenye simu yake, nikiwa nimekaa barazani hapa Lugoba, na mimi kilichonishika ni lile giza. Pete sikuijali. Usiku uleule niliandika shairi, na kulipokucha nikalituma kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti moja. Kituo chake kilikuwa hiki:

Shimo halina rehema, kimezwacho hakitoki.

Nilijipongeza. Nilidhani nimeipata sitiari ya mauti ambayo hakuna malenga wa pwani aliyenitangulia kuipata, maana wao walikuwa na kaburi tu, nami nilikuwa na kaburi lenye uzito wa majua bilioni sita na nusu. Shairi likachapwa. Rafiki zangu wawili, wastaafu wenzangu, wakanipigia simu kunisifu.

Baada ya wiki kadhaa likatoka jawabu. Wenzangu watungaji mnaijua ladha ya kujibiwa: unafungua ukurasa, unaona kichwa cha shairi lako kimegeuzwa kuwa swali, na moyo unapiga kabla ya macho kusoma. Mjibuji alitumia lakabu, ila tangu mshororo wa kwanza aliniita kwa kazi yangu. Ubeti uliobeba hoja ulikuwa huu:

Mwalimu nakurudia, salamu naziandika,
Si vyote vyaangamia, vingine hukengeuka,
Vyarushwa vikikimbia, nuru ikimemetuka,
Kisichomezwa sikia, hakina haja kutoka.

Nilitafuta kosa. Nilihesabu mizani kwa vidole, nikaona ni nane kwa nane. Nilikagua vina, vya ukwapi na vya utao, vyote vilikaa mahali pake. Kisha nikautazama mshororo wa mwisho kwa muda mrefu, maana ulikuwa umeuchukua mshororo wangu na kuugeuza ndani nje bila kuuchana. Mimi nilisema kimezwacho hakitoki. Mjibuji hakukanusha. Alisema tu kwamba kuna kisichomezwa, nacho mimi sikukiuliza habari zake.

Niliulizia, nikapewa namba ya simu, nikapiga.

"Shikamoo, mwalimu," ilisema sauti ya mwanamke kabla sijajitambulisha.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Akataja jina lake, na mwaka aliomaliza kidato cha nne. Nikamkumbuka. Alikuwa akikaa dawati la pili, dirishani. Siku moja nilikuwa nikifundisha tamathali za semi, nimeandika ubaoni kwamba tamaa ni shimo lisilojaa, naye akanyoosha mkono na kuuliza iwapo ni kweli kwamba yako mashimo angani yanayotoa nuru kuliko nyota. Alikuwa ameliona jambo hilo katika kitabu cha zamani cha maktaba. Nilimjibu kwamba shimo halitoi nuru, na kwamba hilo halikuwa somo letu. Darasa zima likacheka. Nikamwambia akae.

Simuni nilimtajia kisa hicho, kwa kuwa nilidhani amekwisha kukisahau.

"Nakumbuka, mwalimu," akasema. "Nilikaa."

Sasa anafundisha fizikia. Hakusema neno jingine juu ya siku ile, nami sikujua la kuongeza. Tukaingia katika mazungumzo ya shimo. Yafuatayo ni yale aliyonieleza siku hiyo na siku nyingine kadhaa, pamoja na yale niliyoyasoma mwenyewe baadaye, kwa lugha ninayoiweza.

Ni kweli kwamba kitu kilichokwisha kuvuka mpaka wa shimo jeusi hakirudi, wala nuru yenyewe hairudi. (Ile hoja ya Stephen Hawking ya mwaka 1974, kwamba mashimo huvuja kidogo kidogo, haina athari ya kuonekana kwa mashimo makubwa namna hii, kwa hiyo niliambiwa niiache.) Lakini shimo halimezi kwa utaratibu wa shairi langu. Gesi inayoliendea haianguki wima kama jiwe kisimani. Huwa tayari ina mwendo wa kuzunguka, na kwa hiyo hulizunguka shimo kama maji yazungukavyo tundu la beseni, tabaka kwa tabaka, mpaka inakuwa sahani pana. Matabaka ya ndani huenda mbio kuliko ya nje, yanasuguana, msuguano huzaa joto, na joto hilo huifanya sahani ing'ae, katika baadhi ya galaksi, kupita nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa. Jua letu linapochoma haidrojeni yake hugeuza kuwa nishati sehemu ndogo sana ya kile linachokichoma, takriban asilimia 0.7. Gesi ianguke kuelekea shimo jeusi, na kabla haijafika mpakani itakuwa imeachia kuanzia asilimia 6 hivi hadi zaidi ya asilimia 40, kutegemea kasi ya shimo lenyewe kujizungusha. Hakuna tanuri lingine mbinguni linalokaribia hapo. Galaksi ambayo moyo wake unawaka namna hiyo huitwa galaksi yenye kiini hai.

Nilipofika hapo nilifikiria kinu. Mtwangaji akipiga mchi, punje nyingi husagika, lakini ziko zinazoruka na kuangukia uani, kuku wakazidona. Punje hizo hazikutoka tumboni mwa kinu, zilirushwa mdomoni. Nikamwambia mwanafunzi wangu mfano huu nikitaraji sifa. Akasema mfano ni mzuri ila una upungufu: punje za kinu huruka ovyo, kila upande, ilhali katika baadhi ya galaksi hizi maada hurushwa kwa njia mbili tu, moja juu na moja chini, nyembamba, zilizonyooka, kwa kasi inayokaribia ya nuru. Mwaka 1918 Heber Curtis, akiipiga picha M87 kwa darubini huko Marekani, aliona mstari mmoja wa ajabu ulionyooka ukitoka katikati yake, wala hakujua ni kitu gani. Mstari ule una urefu wa takriban miaka-nuru 5,000. Huo ndio uliokuwa ukitoka katika shimo langu lisilo rehema, miaka mia moja na mmoja kabla sijaandika, na picha yake ilikwisha kuchapwa.

Nini kinaurusha? Hapa mwanafunzi wangu alinitaka niwafikirie wasokota kamba wa pwani. Gesi inapoanguka huja na uga wake wa sumaku, na nyuzi za uga huo zikishika karibu na shimo, shimo linalojizungusha huburuta hata nafasi yenyewe iliyo kando yake, na nyuzi zikaviringika, zikasokotana kama nyuzi za makumbi ya nazi kati ya viganja vya fundi. Kamba iliyosokotwa kupita kiasi hutafuta pa kujinyoosha, na njia iliyo wazi ni kwenye mhimili, juu na chini. Mwaka 1977 Roger Blandford na Roman Znajek walionesha kwa hesabu kwamba nishati inayopanda kwa njia hiyo huweza kutolewa katika mzunguko wa shimo lenyewe, na kwamba shimo, kwa kuitoa, hupunguza kasi yake. Nilimwomba arudie. Akarudia. Kumbe basi kituo changu kilikuwa na kosa la pili, baya kuliko la kwanza: si kwamba tu viko visivyomezwa, bali shimo lenyewe, lile ninalolinyima rehema, hutozwa.

Nikafika kwenye miali ya gama, ambayo ndiyo aliyoigusia kwa neno lake "nuru". Nuru tunayoiona kwa macho ina jamaa wengi: mawimbi ya redio ni wapole, miali ya eksi ni wakali, na gama ndio wakali wa mwisho. Chembe moja ya mwali wa gama hubeba nishati mara mamilioni, na katika hali nyingine mara mabilioni mengi, ya ile ya chembe ya nuru ya kawaida. Jua halina nguvu ya kupasha kitu joto la kutoa mwali wa namna hiyo, na kusema kweli hakuna joto lolote litoshalo. Lazima pawe na mgongano.

Sisi wa Lugoba tunaufahamu mgongano huo bila kufundishwa. Barabara itokayo Chalinze kwenda Segera hupita kwetu, na kwetu pia yako machimbo ya kokoto. Lori likitoka machimboni halikufunikwa vizuri, kokoto moja hudondoka na kudundadunda barabarani kwa upole. Basi la Tanga likija kasi likaigonga, ile kokoto pole hutoka hapo kama risasi, na ole wa anayesimama kando. Kokoto haikuwa na nguvu ya kwake. Imepewa na basi. Ndivyo ilivyo ndani ya ule mstari wa M87 na wenzake. Elektroni zinakwenda kwa kasi inayokaribia ya nuru. Mbele yao zimo chembe za nuru pole, za redio, za joto, za sahani ile ing'aayo. Elektroni huzigonga, na chembe iliyokuwa ya redio au ya kuonekana kwa macho huondoka ikiwa mwali wa gama. Wataalamu wanabishana kama protoni nazo hushiriki, na ushahidi umeanza kupatikana kwamba pengine hushiriki katika baadhi ya galaksi hizo. Mimi katika ubishi huo sina upande.

Kisha kuna suala la mwelekeo. Kurunzi ikimulika ukutani unaiona kwa kadiri. Ikielekezwa jichoni inakupofusha. Galaksi ambayo mstari wake umeelekea kwetu moja kwa moja huitwa blazari, na kwa sababu maada inakuja kwetu kwa kasi kubwa hivyo, nuru yake hukolezwa na kusongwa hata ikaonekana kali na ya haraka kuliko ilivyo kwake. Julai 2006 blazari moja, PKS 2155-304, iliyo umbali wa miaka-nuru bilioni moja na nusu, ililipuka kwa miali ya gama, na ukali wake ukawa unapanda na kushuka kwa muda wa dakika tatu nne. Mwanafunzi wangu alinitaka nipige hesabu: shimo lenye uzito wa majua bilioni moja lina ukubwa ambao nuru huhitaji karibu saa tatu kusafiri kutoka katikati yake mpaka ukingoni. Kitu kikubwa hakiwezi kukonyeza haraka kuliko nuru inavyoweza kukipitia. Basi konyezo la dakika tatu lilikuwa la kitu kidogo mno, kikija kwetu kwa kasi ya kutisha.

Waliouona mlipuko ule walikuwa Afrika. Katika nyanda za juu za Khomas, nchini Namibia, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kuna darubini ziitwazo H.E.S.S., jina la kumkumbuka Victor Hess. Zilianza na nne, kila moja na kioo cha upana wa mita 12, na mwaka 2012 ikaongezwa ya tano yenye mita 28. Hazioni gama yenyewe, kwa kuwa gama haifiki ardhini. Inapogonga hewa juu yetu huzaa manyunyu ya chembe, na manyunyu hayo hutoa mmweko wa buluu, hafifu, unaodumu kwa sehemu chache za bilioni ya sekunde. Darubini zinaudaka mmweko huo. Nilipolisoma hilo nilitoka nje usiku, nikatazama juu ya miembe yangu. Bila shaka ilikuwa ikimweka hapo pia, na hapakuwa na wa kuona.

Lakini kisa kilichoniumiza kama mtu wa lugha ni cha kaskazini ya kwetu, tena cha zamani zaidi.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ndogo ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco, lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Lilichaguliwa mahali hapo kwa kuwa ni karibu na ikweta: dunia yenyewe huisukuma roketi kuelekea mashariki, na njia ya setilaiti ikiwa juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vyombo. Mhandisi aliyesimamia mradi, Marjorie Townsend, alipendekeza setilaiti ile iitwe Uhuru. Si tafsiri ya neno lao. Ni neno hilihili letu, herufi tano, kama tulivyoliandika kwenye mabango.

Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Uhuru niliufahamu: ulikuwa jina la gazeti, la mwenge, la sherehe tuliyoandamanishwa juani kila Desemba. Hakuna aliyetuambia kwamba neno hilo sasa linaizunguka dunia juu ya vichwa vyetu, likihesabu vitu vitoavyo miali ya eksi. Na liliona mengi. Liliona kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 hupepesa haraka mno, na upepesaji huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaelekeza wataalamu kukitambua kuwa shimo jeusi, la kwanza kukubaliwa hivyo. Liliona miali ikitoka katika galaksi zenye viini hai, kama Centaurus A na ile 3C 273 ambayo Maarten Schmidt aliipimia umbali wake mwaka 1963 akashangaa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya nne na ya mwisho ya setilaiti ile ilichapwa mwaka 1978, ina vitu 339, na kila kimoja kimepewa jina linaloanza kwa 4U. Herufi U hiyo ni Uhuru. Mpaka leo, mtaalamu wa Japani au Chile akiandika 4U 1700-37 anaandika Kiswahili, ajue asijue.

Nilifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilifundisha historia ya kuenea kwake: misafara, Bagamoyo, wamisionari, Kamati ya Lugha, redio. Niliwaambia wanafunzi lugha yetu imefika Kongo na Komoro na Omani. Sikuwaambia imefika huko, kwa kuwa sikujua. Na yule mmoja aliyeinua mkono kuelekea huko nilimkalisha.

Mahali penyewe, tazama. Ghuba lilimosimikwa jukwaa lile ni Ghuba ya Ungwana, na kwenye ghuba hiyohiyo, huko Kipini kwenye mdomo wa mto Tana, ndiko mapokeo yanakoliweka kaburi la Fumo Liyongo. Malenga wetu wa kale kuliko wote, kwa kadiri tunavyosimuliwa, amelala pwani ambayo juu yake neno la Kiswahili lilipaishwa kwenda kutafuta mashimo meusi. Kama mtungaji angebuni jambo hilo ningemwambia amezidisha chumvi.

Novemba 1972, kutoka jukwaa lilelile, ilirushwa ndugu yake. Hii ya pili ilikuwa ya miali ya gama hasa. Ilifanya kazi miezi michache tu, mpaka Juni 1973, ulipoharibika mfumo wake wa umeme. Lakini katika muda huo ilionesha kwamba anga lote, hata pale pasipo na nyota za galaksi yetu, lina mng'ao hafifu wa gama unaotoka mbali. Mng'ao wa nini? Haikuweza kusema. Setilaiti ya Wazungu iliyoifuatia iliitambua 3C 273 kuwa chanzo cha gama, galaksi ya kwanza nje ya yetu kutambuliwa hivyo. Mwaka 1991 ikaja nyingine ya Wamarekani ikakuta blazari kwa makumi. Na ile iitwayo Fermi, iliyorushwa Juni 2008, imekwisha kuorodhesha vyanzo zaidi ya 5,000, na zaidi ya nusu yake ni blazari. Sasa inafahamika kwamba sehemu kubwa ya ule mng'ao wa mbali ni blazari zisizohesabika, kila moja na shimo lake, zimechanganyika kama mataa ya mji yatazamwayo kutoka baharini. Jibu la swali lililoulizwa mbele ya Ngomeni lilichukua zaidi ya miaka thelathini kupatikana.

Setilaiti hiyo ya pili haikupewa jina la Kiswahili. Iliitwa SAS-2, herufi na namba. Kama ningeulizwa mimi, ningeiita Mwali.

Naomba nisimame kidogo kwenye neno hili. Wengi huandika mionzi ya gama, na sina ugomvi nao, ila mwali kwangu una moto ndani yake. Ni ulimi wa moto, si mstari tu wa nuru. Tena liko mwali la pili, ambalo wingi wake ni wali, na huku kwetu kwa Wakwere, kama kwa Wazaramo jirani zetu, kila mtu analijua: msichana aliyewekwa ndani, asionekane, akifundwa, mpaka siku ya kutolewa, ngoma zikilia na watu wakimsubiri uani. Kamusi huyaweka maneno haya mawili mbalimbali na huenda yana asili mbalimbali. Hata hivyo sikio halisomi kamusi. Nikisikia kwamba mwali umetoka mahali palipofichika, nasikia ngoma.

Kwa ule mstari wenyewe bado hatuna neno tuliloafikiana, na juu ya hilo mimi na mwanafunzi wangu tumekwisha kuzozana sana. Yeye darasani hutumia "mchirizi". Mimi nasema mchirizi ni wa maji ya mvua pembezoni mwa nyumba, huteremka, tena huteremka kwa uvivu. "Mbubujiko" una upole wa chemchemi. "Mkuki" niliupenda kwa siku mbili, kwa wembamba wake na kwa unyoofu wake, kisha nikauacha, maana mkuki hurushwa mara moja ukaondoka mkononi, na kitu hiki hakikatiki. Nikafika kwenye kufoka. Chungu hufoka kikizidiwa na moto. Maji hufoka bomba likipasuka. Na mtu naye hufoka, tena hasa yule aliyedhaniwa kuwa mkimya. "Mfoko," nikamwambia. Akasema atalijaribu darasani aone kama wanafunzi watacheka. Walicheka, akanipasha, lakini wiki iliyofuata walilitumia kwenye majibu.

Ameniomba kwa muda mrefu nilisahihishe shairi langu. Nilikataa kwanza, kwa sababu shairi likishachapwa lina haki ya kubaki na aibu yake. Mwezi uliopita nililegea, nikamtumia kwa ujumbe wa simu kituo kipya cha kuchukua nafasi ya kile cha zamani:

Mlangoni pana mfoko, nuru yaruka angani.

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. "Shikamoo mwalimu. Fizikia yake iko sawa. Ila ukwapi una mizani tisa. Umeimeza ile m ya mfoko."

Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Ni tisa.